Moshi wa Gaju

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na majuma saba, na iliishia kwenye lango la tantine wangu Nyirabahizi, dada ya baba, pale Mulongwe, Uvira, Alhamisi moja ya mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka wa 1964, baada ya mvua ya saa tisa.

Nilikuwa naanika madaftari ya wanafunzi wangu yaliyolowa. Shule ilikuwa imefungwa tangu Jumatatu kwa sababu ya habari zilizokuwa zikitoka Bwegera na Sange, na watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro kichwani. Habari hizo waulize wanaozijua. Mimi nasimulia ya moyo wangu, na siku hiyo moyo ulikuwa na mzigo wa kuutosha.

"Hodi hapa."

Sauti hiyo niliijua kabla sijageuka. Jean-Berchmans alisimama langoni, shati la kazi limelowa mabegani, amebeba mfuko wa mchele ambao ndani yake hamkuwa na mchele. Shingo ya ukulele ilikuwa imetokeza juu.

"Karibu," tantine alijibu kabla yangu. Alikuwa amekaa mkekani anachambua maharagi. Kwa tantine hakuna kijana aliyeingia bila kupita chini ya macho yake, na maharagi yalikuwa kisingizio tu. Nadhani mengine aliyachambua mara tatu.

"Amahoro, Mama."

"Amahoro. Kaa pale. Mbali kidogo. Hapo, sawa."

Berchmans alikaa pale alipoonyeshwa, akaweka mfuko katikati ya miguu, akanitazama. Mtu huyo alikuwa karani wa duane kule Kavimvira, mpakani. Kazi yake ilikuwa kufungua mizigo ya watu kutwa nzima na kuuliza hiki ni nini, kimetoka wapi, kinakwenda kwa nani. Akitoka kazini hakujua kuacha. Alikuwa na macho makubwa, matulivu, yasiyokuwa na haraka, na yakikukalia unaanza kukumbuka hata makosa ya darasa la pili.

"Musoni," akasema, "nimepata barua kutoka Léopoldville."

Nikajua yamefika.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Ukulele sisi tuliuita kagita. Pale Uvira nzima tulikuwa wanne tu wenye tugita. Kangu nilipewa na mama mmisionari wa Kisuedi ili niwapigie watoto nyimbo za Jumapili. Ka Berchmans kaliachwa na Mgiriki mmoja mwenye duka, aliyeondoka mwaka wa uhuru kwa haraka hata akasahau viatu. Octave, fundi wa mota za mashua kule Kalundu, alijitengenezea kake mwenyewe kwa ubao wa sanduku la chai. Na Libérate, msaidizi wa mkunga, alikanunua ng'ambo, Usumbura. Nyuzi zikikatika tulifunga nailoni ya wavuvi.

Kila Jumapili, wao watatu wakitoka misa na mimi nikitoka kwenye ibada yetu ndefu, tulikutana barazani kwa Libérate kupeana nyimbo. Nyimbo zote zilikuwa za Léopoldville. Hatukutaka nyingine. Octave alikuwa na redio, na wimbo ulipita mara moja tu; ukiinama kufunga kiatu, umekwisha. Kwa hiyo waligawana. Libérate alidaka maneno, Octave alidaka sauti ya juu, Berchmans alidaka ya chini, halafu Jumapili tunaushona pamoja kwenye tugita mpaka unasimama. Sheria ilikuwa moja: aliyepokea wimbo, naye alete wimbo.

Zamu yangu ikafika. Kwa tantine redio ilifunguliwa kwa habari na mahubiri, ikifungwa inafunikwa kitambaa kama mtoto aliyelala. Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimekwisha kupokea nyimbo saba, nimezipiga zote, na yule karani wa macho makubwa alikuwa amekaa mbele yangu anasubiri kusikia nitaleta nini. Ningesema sina? Afadhali ardhi inimeze.

Nikawapa wimbo wa baba yangu. Kule kwetu Bijombo, juu mlimani, kila jioni baba alikuwa anamwimbia ng'ombe wake Gaju arudi zizini. Nikaupunguza mwendo, nikautia mguu wa rumba, maneno nikayaleta kwenye Kiswahili. Gaju nikamtoa, pale penye jina lake nikaweka "mpenzi".

*Rudi, mpenzi, nyasi za ng'ambo zimekwisha,*
*mahali pako nimepafagia,*
*moshi nimekuwashia,*
*chumvi iko mkononi mwangu, rudi.*

"Orkestra gani?" Octave aliuliza.

"Hirondelle Jazz," nikasema. Jina lilinijia lenyewe.

"Na wameimba Kiswahili?"

"Wanataka kutufurahisha sisi watu wa mashariki."

Sikupepesa hata jicho. Juma lililofuata wimbo ulikuwa Kalundu. Jumapili ya tatu niliusikia kwa wafuaji wa nguo mtoni. Na Berchmans akaanza kuuliza. Kila Jumapili alikuwa na swali jipya juu ya wimbo ule, na kila Jumapili alinisindikiza hadi karibu na lango la tantine akiuliza, na mimi nilikuwa naishi kwa ajili ya mwendo ule wa nusu saa. Ndiyo maana sikusema kweli. Nilijiambia, mtu huyu anapenda swali. Swali likipata jibu, atanisindikiza kwa sababu gani?

Na sasa ameshika barua.

"Binamu yangu Cyprien anauza disiki kule," akasema. "Ameuliza wenzake wote. Ameuliza kwenye mabaa. Hirondelle Jazz haiko. Na wimbo hauko. Hakuna muntu ameusikia."

"Léopoldville ni kubwa."

"Ni kubwa, kweli. Weye ulisikia wapi?"

"Ku redio."

"Redio ya nani?"

"Berchmans, uko unanifanyia duane?"

"Mfuko sijafungua bado. Nauliza tu."

Tantine alikohoa kile kikohozi kisichokuwa cha kifua. Nilishika daftari lililolowa nikajifanya nasoma jina juu yake.

"Hasira sina," Berchmans akaendelea, kwa sauti ya chini. "Iko vitu viwili vinaninyima usingizi. Moshi na chumvi. Minye nimekulia Bwegera, baba yangu analima mpunga. Moshi tunawasha shambani kufukuza ndege. Sasa muntu wa Léopoldville anamuwashia mupenzi wake moshi kwa nini? Na chumvi ya mkononi, hiyo ni ya nini? Bibi akifika atalamba?"

Mkono wa tantine ukasimama juu ya ungo.

Tantine alikuwa hasikilizi nyimbo za dunia. Wimbo ulikuwa umepita mbele ya nyumba yake majuma saba na yeye alikuwa amejiziba masikio kwa Yesu. Ndiyo kwanza anasikia maneno yake. Naye alizaliwa Bijombo, zizi moja na baba yangu.

"Moshi na chumvi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hebu uimbe kidogo."

Nilimtazama kwa jicho la kumwomba. Hakunitazama. Berchmans alitoa kagita mfukoni, akakajaribu nyuzi, akaanza. Alikuwa na sauti nzuri ya chini, na kagita kake nako kalikuwa kazito kwa sababu uzi wa nne, ule wa juu kabisa, alikuwa amefunga nailoni nene ya kuvulia sangala. Hakuna aliyemfundisha kwamba pale panatakiwa uzi mwembamba. Aliimba akiwa amefumba macho, na mimi nilimtazama bila kificho kwa sababu hakuwa ananiona. Nilitazama kope zake zenye maji ya mvua na vidole vyenye wino wa mihuri. Nilimpenda mtu huyo.

Alipomaliza aliweka kiganja juu ya nyuzi. Halafu sauti ikatoka langoni.

"Huo ni wa pili leo."

Baba yangu, Sebagenzi, alisimama pale na fimbo yake na kofia yake inayodondosha maji. Alikuwa ametembea siku mbili kushuka. Tulijua atakuja, alikuwa ametuma neno kwamba nyakati si nzuri na anakuja kunichukua nipande naye mlimani. Tulikuwa tunamngoja Jumamosi.

Nilikwenda kumpokea fimbo. Alinipa, lakini macho yake yalikuwa kwa Berchmans.

"Pale sokoni," akasema, "mama mmoja anayeuza samaki wa ndagala alikuwa anauimba. Nikamuuliza, mama, huu umeutoa wapi. Akanicheka. Akasema, mzee, weye unatoka porini, huu ni wa Léopoldville, wote wanaujua." Alivua kofia akaikung'uta. "Gaju wangu amefika Léopoldville. Na mimi mwenye Gaju sijawahi kuvuka mji wa Baraka."

"Gaju ni nani?" Berchmans akauliza.

Ningeweza kukimbia. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Lakini baba alikuwa ananitazama sasa, na tantine, na yeye.

"Gaju ni ng'ombe," nikasema. "Orkestra haiko. Redio sikusikia. Wimbo ni wa Papa, alikuwa anamwitia ng'ombe wake. Niliwadanganya wote."

Nilingoja ainuke, atie kagita mfukoni. Nilikuwa nimekwisha kuona mgongo wake ukitoka langoni, mara nyingi sana, kwenye mawazo yangu ya majuma saba. Hakuinuka. Alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha uso wake ukafunguka taratibu.

"Kumbe chumvi ni ya kulamba kweli," akasema.

"Ni ya kulamba," baba akajibu kwa ukali.

"Na moshi, Mzee?"

"Moshi unafukuza nzi. Ng'ombe akikaribia nyumbani anatafuta moshi."

"Lakini jioni kila zizi linawasha. Atajuaje ule wa kwao?"

Baba alifungua mdomo, akaufunga. Kisha, maskini, akajibu. Mchungaji ukimuuliza juu ya ng'ombe umemshika mkono. "Kila nyumba ina majani yake. Sisi tunatia majani mabichi ya mti unaoota mtoni kwetu tu. Ng'ombe wangu hawezi kupotea kwa moshi wa jirani, harufu anaijua tangu..." Akasimama hapo. Alikuwa amekumbuka kwamba ana hasira. "Huyu ni nani, anayenihoji nyumbani kwa dada yangu?"

Berchmans aliinuka, akashika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto kama anavyopaswa mtu akisalimia mkubwa, akamwamkia kwa Kirundi. Baba akamjibu kwa lugha yetu, ndugu ya Kirundi. Walisikilizana vizuri, kwa bahati mbaya ya baba.

"Ninaitwa Jean-Berchmans, Mzee. Wazazi wangu ni wa Bwegera. Sasa wako kwangu Kavimvira, wamekimbia. Nafanya kazi ku duane."

"Bwegera. Mtu wa mpunga."

"Ndiyo, Mzee."

"Na rozari iko mfukoni."

Berchmans akagusa mfuko wa shati. Ilikuwepo kweli, ushanga mmoja umetokeza. "Ndiyo, Mzee."

"Nilitaka kukuambia, kaka," tantine akaingilia, akirudi kwenye maharagi yake. "Kijana ni mpole. Lakini baraza lile la Libérate halina biblia hata moja."

"Kumbe ulikuwa unajua anakwenda huko?"

"Nilijua anapiga nyimbo. Sikujua anapiga za kwetu."

Baba alikaa kwenye kiti nilichomletea. Nilipoona mikono yake imelegea juu ya magoti nikaogopa zaidi kuliko kama angenikaripia.

"Musoni," akasema, "kutoa wimbo si neno. Wimbo ni sauti, unakwenda na upepo. Lakini ulimtoa Gaju."

"Papa, nilitaka uwe wa..."

"Niache niseme. Mwaka uliozaliwa, mama yako alikuwa mgonjwa, maziwa hakuwa nayo. Gaju ndiye aliyekulea. Akapotea siku tatu kwenye ukungu, na weye ulikuwa unalia hata sauti ikakatika. Nilisimama juu ya kilima siku tatu ninaita. Wimbo ulitoka pale. Sikuutunga, ulitoka. Siku ya tatu akarudi, na weye ukaishi." Alikuwa hanitazami. "Sasa umeweka mpenzi. Mpenzi ni nani? Mpenzi ni mtu yeyote. Gaju alikuwa mmoja."

Nililia. Sikutafuta namna nzuri ya kulia. Nilikuwa nimeujua wimbo ule maisha yangu yote, ninauimba nikikoga, ninauimba nikisahihisha madaftari, na sikuwahi kuuliza ulitoka wapi. Mtu wa mpunga ameuliza majuma saba, mimi sikuuliza hata siku moja.

"Mzee," Berchmans akasema, "niruhusu nimrudishie jina lake."

Baba alitikisa mkono tu, kama kusema fanya unavyotaka. Berchmans akapiga tena, safari hii bila rumba, na kila palipokuwa na "mpenzi" akasema "Gaju". Alisema vizuri, polepole, kama mtu anayemjua. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Sauti yako nzito," akasema. "Hapo umemwita dume."

"Ni uzi wa nne, Papa," nikasema, nikijipangusa. "Amefunga mnene. Wangu ni mwembamba."

"Lete wako."

Tantine akasema nyumba hii imekuwa baa. Hata hivyo ni yeye aliyeninyooshea kagita kutoka dirishani. Nikakaa pembeni ya Berchmans, si mbali kama tantine alivyoagiza, na tukapiga pamoja, uzi wangu mwembamba juu, wake mnene chini. Tulikuwa hatujawahi kuupiga wimbo huo wawili tu. Tukifika kwenye chumvi alinitazama, na mimi nikamtazama, na hakuna aliyekosea kidole. Sijui kama baba aliona. Tantine aliona, kwa sababu ungo uliacha kulia.

Tulipokoma, baba akatikisa kichwa. "Mnakatia hapo? Mmemwita, halafu mnamwacha njiani. Gaju hawezi kufika hivyo." Akafumba macho, akaimba sehemu ya mwisho, ile ambayo sikuwapa barazani kwa sababu haikuwa na mahali pa rumba. Ndipo anapomtaja mama yake Gaju, na bibi yake, na mama wa bibi yake, mmoja baada ya mwingine, hadi yule wa kwanza aliyekuja na ukoo wetu. Baba alikuwa amechoka, sauti yake ilikuwa inakwaruza, lakini wapita njia walisimama nje ya ua.

"Mzee, naomba hiyo ya mwisho," Berchmans akasema alipomaliza. "Nitaiandika sasa hivi."

"Hutaiandika. Kwetu nyumbani mwisho hapewi mtu asiyekunywa maziwa ya ukoo wa Gaju, ndani ya nyumba yangu, amekaa kwenye kiti nilichompa mimi."

Tantine akainua kichwa haraka. "Kaka, huyu ni mkatoliki."

"Nimesema maziwa. Sijasema harusi."

"Naweza kuja kunywa lini?" Berchmans akauliza. Sikuwahi kumwona akiuliza kitu bila kutulia, ila siku ile aliinuka kabla swali halijaisha.

"Sisi tunapanda kesho alfajiri. Wewe una wazazi kwenye chumba chako, na mpaka wa kulinda. Usiache watu wako kwa ajili ya wimbo." Baba aliokota kofia, akaitazama ndani. "Mjukuu wa Gaju atazaa mwezi wa sita. Njia ya Bijombo haijafichwa."

"Sisi tuna sheria barazani, Mzee. Aliyepokea wimbo analeta wimbo. Sitakuja mikono mitupu."

"Wimbo wa nani?"

"Sijui bado. Hautakuwa wa Léopoldville."

Nilidhani baba atacheka. Hakucheka, lakini alimwambia tantine amtilie mgeni chai.

Nilipewa ruhusa ya kumsindikiza hadi langoni, hatua kumi na mbili, na tantine akahamisha mkeka wake ili azione zote.

"Ulinidanganya majuma saba," Berchmans akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Mwanzoni nilikuwa sina wimbo. Baadaye nikaogopa. Nilisema ukipata jibu hutauliza tena."

Alisimama, akanitazama kwa yale macho ya kufungua mizigo. "Musoni. Yale maswali yote, minye nilikuwa nauliza wimbo?"

Nililegeza kigingi cha kagita kangu, nikatoa uzi wa nne, ule mwembamba, nikauviringisha kwenye kidole, nikamwekea mkononi.

"Ufunge huu," nikasema. "Ukiimba na ule mnene atakuja dume."

"Weye utabaki na nyuzi tatu."

"Utaniletea wa nne."

Alifunga kiganja. Alikaa hivyo, amefunga kiganja, kana kwamba ndani mna kitu kinachoweza kuruka. "Iko swali moja limebaki," akasema. "Huo moshi. Utaniwashia?"

"Njoo uone."

Hatukushikana hata mkono. Tantine alikuwa anatazama, na baba pia, na hakuna aliyejua kesho ina nini. Akatoka. Nilihesabu hatua zake hadi kona ya mwembe, na kwenye kona aligeuka.

Tulipanda alfajiri. Kutoka juu, siku ya pili, niliona ziwa lote, na Kavimvira kama vumbi dogo kwenye kona ya maji. Mwezi wa tano zikaja habari kwamba njia zote za chini zimefungwa, na mtu hapiti wala barua. Watu waliokuja juu wakikimbia niliwauliza wote kama wanamjua karani mmoja wa duane mwenye kagita. Mmoja alisema amemsikia akipiga kwa wakimbizi wenzake ng'ambo ya mto wa mpakani, kagita kake kakitoa sauti nyembamba sana kwa mwanaume. Nilimwomba arudie maneno hayo mara mbili.

Mwezi wa sita mjukuu wa Gaju akazaa ndama jike. Maziwa yakawa mengi, tukanywa na majirani.

Mimi nilikuwa na kazi yangu. Kila jioni ng'ombe wakiisha kuingia na zizi kufungwa, niliwasha moshi wa pili, nje, upande wa njia inayotoka bondeni. Majirani waliuliza ni ng'ombe gani wetu aliyepotea. Mama aliwaambia waniache. Baba alipita pembeni, akaingia ndani.

Jioni moja alihesabu ng'ombe wake kama kawaida, wote wakawemo, akaja akasimama karibu na moto wangu. Majani yangu yalikuwa makavu, moshi ulikuwa mdogo. Alikwenda zake. Nilidhani amechukia. Akarudi kutoka mtoni na kitita cha majani mabichi, yale ya kwetu, akayatia juu ya moto, na moshi ukainuka mweupe hadi juu ya miti.

"Anaitwa nani tena," akasema, "yule mtu wa mpunga?"

"Jean-Berchmans, Papa."

"Jina refu. Halitaingia kwenye wimbo."

Akajikohoza, akageuzia uso bondeni, akaanza kuita. Mara ya kwanza jina lilimkwama. Mara ya pili likapita mahali pake. Alijaribu tena tangu mwanzo, nyasi za ng'ambo, mahali palipofagiwa, moshi, chumvi, na mara ya tatu likaingia.